Nyumba Isiyo na Dari

Hospitali ya Ndanda walituambia tumrudishe mama nyumbani. Hawakuzunguka. Muuguzi mmoja wa makamo alinivuta pembeni karibu na bomba akasema, "Gervas, ule uvimbe umekwenda mbali. Mpelekeni akalale kwake, ale anachokitaka." Nikasema ahsante. Nikarudi kukaa kwenye benchi, na sikuwaza dawa wala maombi. Niliwaza picha.

Mama hakuwahi kupigwa picha. Sio kwamba alikataa, hakuna aliyemwambia. Baba naye alikufa hivyo hivyo, wakati Upendo mdogo wangu bado anabebwa mgongoni. Mimi baba namkumbuka mabega na kikohozi. Uso umeondoka. Ukiniuliza kama alifuga ndevu nitakudanganya tu. Upendo yeye hana hata hicho kikohozi. Nikajiambia, na huyu akienda bila picha, tutakuwa kama watoto walioota shambani.

Kwetu mwenye sauti ni mjomba. Mjomba Bartholomayo, kaka yake mama, alinisikiliza huku anachambua korosho, akasema, "Lete mpiga picha siku mwali anatoka. Mama yako apigwe na binti yake. Kabla ya hapo usimsumbue mgonjwa." Upendo alikuwa amewekwa ndani, yuko unyagoni na wenzake, watolewe Desemba korosho zikishauzwa. Kwa hiyo siku ikawa hiyo, na mama ilibidi aifikie.

Sasa mpiga picha.

Mimi nilikuwa Masasi, kwenye banda la video la Halfani. Shule niliacha darasa la tano. Mwalimu alinichapa kwa kosa la mtu mwingine, nikatoka, sikurudi, na silalamiki. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni, kurudisha kanda nyuma na kuwatoa walevi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, wanunuzi binafsi wanapandisha malori Newala na Tandahimba kufuata korosho, kila mtu ana redio ya kaseti, na kila mwenye redio anataka apigwe picha ameishika.

Halfani alikuwa anachukua kanda Kariakoo kwa katoni, hachagui. Siku moja nikaweka moja tuliyodhani ni ya kareti. Akatokea mzungu mwenye miwani, ana kamera, na mwanamke amekaa kwenye stuli. Watu wakasubiri. Mmoja akasema, "Huyo mwanamke ndiye anauawa." Hakuuawa. Mzungu anaongea tu, anawasha taa, anazima. Yakaanza kurushwa maganda ya karanga. "Gervas, mtoe huyo padri." Nikamtoa.

Kesho yake asubuhi banda likiwa tupu akaja Hamudi. "Niwekee yule padri," akasema.

Hamudi ni rafiki yangu, mtu wa Newala, baba yake fundi baiskeli. Alikuwa ametoka kuuza korosho za babu yake, akanunua kamera ya Kirusi kwa mwalimu aliyekuwa anahama, pamoja na flashi yake. Ile flashi ilikuwa na shingo. Unaweza kuiacha itazame mbele, unaweza kuigeuza itazame juu. Ya mzungu wa kwenye kanda ilikuwa na shingo vile vile. Hamudi aliposikia kuna kanda inafundisha, alikuja mbio.

Kiingereza hatujui, tulikuwa tunaangalia mikono. Mzungu anampiga mwanamke taa ya usoni, picha inatokea: paji linang'aa kama sufuria, na nyuma ukutani kivuli cheusi kama mtu wa pili amejificha. Anaichora alama nyekundu ya kosa. Halafu anainua kidole, anageuza shingo ya flashi itazame dari, anapiga. Picha inatokea: mwanamke yule yule, ila ngozi laini, macho yametulia, utadhani amekaa barazani jua limepoa. Baada ya hapo mzungu anatia mkono mfukoni, anaongea sana. Pale tulikuwa tunapeleka kanda mbele. Maneno yalikuwa hayatusaidii.

Mazoezi tulifanya bila filamu. Filamu ni ghali, na ya rangi ilikuwa inakwenda kusafishwa Mtwara, kwa hiyo nani ataipoteza kwa kumpiga Gervas kwenye banda? Hamudi anageuza shingo juu, anabonyeza, banda linawaka lote.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona ulaini?"

"Laini kabisa."

Sijui tulikuwa tunaona nini. Taa iliwaka, basi, tukajua tumejua.

Mpiga picha mwenyewe wa Masasi alikuwa Mzee Cecil. Studio yake ina pazia limechorwa ndege ya abiria, na yeye anapenda uraka, ile pombe ya mabibo, msimu wake unamkuta amekaa mlangoni macho mekundu. Alimwambia Hamudi mbele yangu, "Njoo unibebee begi mwaka mmoja. Utaniharibia filamu, nitakutukana, utajua kazi."

Hamudi akasema, "Mwaka wa kubeba begi, mzee? Mimi nina kanda."

Cecil akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Kanda ikuoe."

Picha za Cecil tulikuwa tunazicheka. Taa usoni, pah, kila mtu anatoka kama mwizi amekamatwa na tochi. Mapaji yale, vivuli vile. Ndiyo picha ambayo mzungu anaitia alama nyekundu. Halafu Hamudi akapata harusi moja, ukumbi wa parokia, dari la ubao mweupe, limepakwa rangi juzi juzi. Akageuza shingo juu harusi nzima. Picha zilipotoka Mtwara mama wa bibi harusi alilia. Kweli zilikuwa nzuri. Bibi harusi alikuwa na ngozi ya malaika, yule ambaye mchana ukimkuta sokoni ana chunusi.

Nikamwambia Hamudi, "Wewe ndiye utakuja kwetu Chilangala."

"Kwa Mama Gervas? Nitakuja. Na sitachukua kitu, mama ni wetu sote."

Kwa hiyo nilichagua. Mama yangu apigwe picha moja maishani, kisha atoke kama mwizi wa Cecil? Hapana.

Siku ya kutoka mwali mvua ilianza asubuhi, ikanyesha, ikaacha, wingu likabaki limekaa juu ya vijiji. Nyumba za jirani zilikuwa zimepata bati msimu ule. Yetu bado nyasi, korosho zetu ziliishia Ndanda. Mama alikuwa anasikia baridi muda wote, kwa hiyo moto ulikuwa humo humo ndani karibu na kitanda. Nyumba ile imepikiwa ndani tangu sijazaliwa. Ukiinua macho unaona nyasi na fito nyeusi tii, na masizi yananing'inia kama nywele. Sisi tulikuwa hatuinui macho. Nyumba ya kwenu unaangaliaje juu?

Nje ngoma ilikuwa imeshika. Wakawatoa wanawali, kanga mpya, mafuta yanang'aa, poda kifuani, wameinamisha vichwa, wameshikiwa miavuli. Upendo sikumjua mpaka shangazi mmoja aliponionyesha kwa kidole. Hamudi alipiga picha pale nje, anakimbia huku na huku, anawaambia wanawake wasogee, nao wanamtania. "Wewe mwembamba, hiyo kamera si itakuangusha?" Yeye anacheka.

Halafu nikamwambia mjomba tumtoe mama nje kwenye mwanga, tumbebe na kitanda chake.

Mjomba akaniangalia kama nimetukana. "Mtu anatolewa na kitanda mara moja tu, Gervas. Unataka kumtoa leo?"

Nikaacha. Mama alisikia kutoka ndani, akasema kwa sauti yake ile iliyobaki ndogo, "Na mimi sitolewi. Mwali mmoja anatosha." Wanawake waliokuwa mlangoni wakacheka, mambo yakawa mepesi.

Tukaingia. Hamudi akapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesomea kwenye kanda?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na kanda yenyewe ilikuchapa?"

"Haichapi, mama."

"Basi hujasoma." Akafurahi mwenyewe kwa neno lake. Wakamwinua, wakamwekea mto na magunia mgongoni, wakamfunga kanga ya maua. Upendo akakaa pembeni yake kitandani, mkono wa mama ukawekwa begani kwake, kwa sababu wenyewe ulikuwa haukai. Hamudi akageuza shingo ya flashi juu.

Mama akaitazama. "Mbona taa yako haituangalii sisi?"

"Inaangalia juu, mama, mwanga upande halafu urudi chini taratibu. Ndiyo utaalamu."

"Urudi kutoka wapi?" Akainua macho kwenye nyasi. Yeye peke yake ndiye aliyeinua.

Nikasema, "Mama, usiongee, utaharibu."

Hamudi akapiga. Ndani mule mlivyokuwa giza, taa ilituonyesha kila kitu, vyungu, majivu, miguu ya watu mlangoni. Tukaona ni mwanga mwingi sana. Mama alicheka kwenye moja, kwenye nyingine akamwangalia Upendo, nikawaza hii ndiyo nitakayoikuzisha. Mjomba akauliza, "Huwezi kupiga na moja ya kawaida, ya mbele?" Hamudi akamjibu kwa heshima, "Mjomba, ya mbele itamharibu mama." Mimi nikaunga mkono. Filamu ikaisha. Mama akalala akiwa amechoka, ameridhika.

Filamu tuliifunga kwenye karatasi ya nailoni, tukampa kondakta wa basi la Mtwara linalopitia Tandahimba. Mvua ikaharibu barabara. Basi likiwa linakuja, kondakta ni mwingine. Akija yule yule, filamu haijatoka. Mimi nikawa nashuka Masasi kazini, napanda tena kumwona mama. Kila nikiingia anauliza, "Picha yangu imefika wapi?"

"Iko Mtwara."

"Imenishinda. Mimi mwenyewe Mtwara sijafika."

Alikuwa ameshaacha kula uji. Anakunywa maji kidogo kwa kijiko, na maji kwetu yanatoka mbali, Upendo ndiye anayeyafuata, anarudi na ndoo kichwani na ile poda ya unyago imeshafutika zamani.

Bahasha ikafika Masasi. Hamudi aliileta bandani hajaifungua, akanipa mimi. Za nje zote zilikuwa nzuri, miavuli, kanga, Upendo ameinamisha kichwa. Za ndani walikuwa hawakuzichapa ila moja. Ile moja ilikuwa nyeusi. Sio giza la jioni, nyeusi ya chungu. Katikati palikuwa na kitu kama majivu, labda jicho, labda kikombe. Hamudi akaipeleka mlangoni kwenye jua, akaigeuza upande, akaigeuza chini juu.

"Wameiharibu Mtwara," akasema.

"Za nje mbona hawakuziharibu?"

Hamudi akatoa negativu, nayo sehemu ile ilikuwa tupu, unaona ng'ambo kama kwenye kioo cha dirisha.

Nikamwambia, "Mama bado yupo. Nampeleka Cecil." Hamudi akasema sawa. Nikamwambia twende wote. Akasema yeye hawezi kumwangalia mama usoni. Sikumlazimisha. Nilikuwa nataka kumpiga, lakini banda lilikuwa linajaa.

Mzee Cecil alizishika negativu akazielekeza kwenye mwanga, hakuwa amelewa. "Nyumba ya nyasi?"

"Ya nyasi."

"Wanapika humo ndani?"

"Ndiyo."

"Mmezipiga taa nyasi. Tena zile nyasi za masizi haziachi mwanga urudi." Nilikuwa nasubiri aseme kanda ikuoe, angesema ningemtukana nikaondoka. Hakusema. Alichukua begi lake, akapangusa lenzi kwa shati, akauliza, "Lori la Newala linatoka saa ngapi?"

Tulipanda lori lililokuwa linafuata korosho za mwisho mwisho. Kwenye mlima matairi yakateleza, tukashuka kusukuma, Cecil na umri wake akasukuma, begi amelivaa shingoni. Nikawa namwambia dereva kanyaga, ananijibu, "Kanyaga wewe." Kufika njia panda ya Chilangala tulishuka tukatembea kwa miguu. Mbele yetu walikuwa wanatembea kina mama, wamefunga kanga viunoni, wamebeba kuni na unga. Mmoja akageuka akaniona, akageuka mbele haraka.

Hapo nikajua. Miguu iliendelea tu.

Alikuwa amekata roho asubuhi ile. Walishamwosha. Alikuwa kitandani kwake, mahali pale pale, shuka jeupe, kitambaa kimemfunga kidevu, pamba puani. Moto ulikuwa umezimwa, nyumba imekuwa ya baridi, na nikafikiri, angesikia baridi. Upendo alikuwa chini kwenye mkeka na shangazi zangu, ametazama ukuta.

Cecil alisalimia msiba kwa utaratibu, akampa mjomba mkono, akanivuta nje. "Pole, kijana. Wapo wanaoniita kwa kazi kama hii, nimewapiga marehemu wengi tu. Ukitaka nitapiga. Usipotaka ninakaa msibani kama watu wengine."

Nikamtazama mjomba. Mjomba akasema, "Picha uliitaka wewe. Sema."

Nikasema piga.

Akasimama miguuni pa kitanda, hakugeuza shingo ya kitu chochote, taa ikampiga mama usoni moja kwa moja. Kila mtu Cecil akimpiga hushtuka. Mama, ambaye radi ikipiga alikuwa anaingia chini ya kitanda, hakushtuka. Cecil akapiga nyingine karibu zaidi. Kisha akarudisha kamera kwenye begi, akaenda kuungana na wanaume waliokuwa wanachimba.

Picha ilitoka nzuri. Huo ndio ukweli, hakuna kosa. Unaona nyuzi za shuka, unaona fundo la kitambaa, unaona alama ndogo kwenye paji aliyoipata utotoni kwa jembe. Nyuma ukutani kuna kivuli chake, kimenyooka, kikubwa kuliko yeye. Cecil alinipa ndani ya bahasha akasema usiangalie barabarani. Niliangalia barabarani.

Niliipeleka Chilangala. Upendo aliishika kwa ncha za vidole, akaiangalia muda mrefu, akailaza kwenye mkeka uso chini.

"Huyu ni marehemu," akasema. "Mimi nilimtaka mama."

"Ndiyo iliyopo, Upendo."

"Basi ikae kwako."

Mjomba ndiye aliyeichukua, akaitia kwenye sanduku la nguo chini kabisa. Haijatoka tena. Ile nyeusi ninayo mimi, sijui naiweka ya nini.

Hamudi bado ana kamera. Anapiga nje tu, juani. Kukiwa na wingu anakataa kazi, anawaambia watu kamera inaumwa. Mimi na yeye tunasalimiana. Kanda ile niliiweka mara moja tena, mvua ya mwaka uliofuata, alipokuja bandani Basil, kijana wa seminari aliyekuwa likizo. Nikaifikisha pale mzungu anapotia mkono mfukoni, pale tulipokuwa tunaruka. Nikamuuliza anasema nini.

Basil akasikiliza. "Anasema dari lisipokuwa jeupe, au likiwa mbali, usifanye hivi. Geuza taa mbele."

"Ni hivyo tu?"

"Anarudia hivyo hivyo. Mbona anasisitiza sana?"

Nikatoa kanda, nikaweka ya kareti, watu walikuwa wameshaanza kuingia.

Juzi nilikuwa Chilangala. Tulikuwa tumekaa, tunabangua korosho, Upendo akaniuliza ghafla, "Kaka, pengo la mama lilikuwa upande gani?" Kwenye picha mdomo umefungwa, haisaidii. Nikasema kushoto. Akasema yeye anaona ni kulia, maana akicheka alikuwa anaziba kwa mkono wa kulia. Nikasema basi kulia. Akasema, "Usinikubalie tu, kumbuka." Nikajaribu. Nilipata kanga, nikapata sauti, nikapata mkono umewekwa begani. Tukamgeukia mjomba, mtu aliyekua naye tangu utoto, tukamuuliza.

Mjomba aliacha kubangua, akatazama korosho iliyo mkononi.

"Pengo gani?" akasema.